Hodi Hewani: Adabu ya Simu ya Upepo katika Bonde la Kilombero

Baba mdogo alikuwa mtu wa maneno machache nyumbani, na hewani alikuwa na machache zaidi. Kazi yake ilikuwa kukaa na simu ya upepo katika kituo kimoja cha misheni hapa Ifakara. Chumba chenyewe kilikuwa na dirisha moja, meza ya mninga, betri mbili za lori chini ya meza, na waya uliotoka dirishani ukaenda kufungwa kwenye mwembe. Watu walimwita Mzee wa Upepo, ingawa wakati ule hakuwa hata na miaka arobaini. Sisi watoto tuliruhusiwa kuingia kwa sharti moja: ukivuka kizingiti, mdomo unabaki nje.

Kilichonishangaza ni kwamba muda mwingi hakuwa anaongea. Alikuwa anasikiliza. Anavaa vile visikizio vyake vikubwa, anafumba macho, anakaa hivyo dakika tano, kumi, huku sisi tunasikia mikwaruzo tu kwa mbali kama mtu anayekaanga karanga chumba cha pili. Siku moja nikavunja sharti. "Baba mdogo, mbona huanzi?"

Akajibu bila kufumbua macho: "Wewe ukifika kwa watu unaingia tu? Si unasikiliza kwanza kama wana mgeni?"

Jibu lile lilinitoka kichwani kwa miaka mingi. Lilirudi nilipoanza kusoma, kwa udadisi tu, habari za wanaredio wa ridhaa. Nawaita wa ridhaa kama tunavyosema ndondi za ridhaa: watu wasiolipwa, wanaofanya kwa kupenda. Wako duniani kote, wana leseni za serikali zao, na kazi yao ni kutafutana hewani kwa mitambo yao wenyewe. Wapo kati yao waliochagua njia ngumu kuliko zote, ya kutafutana kutoka bara moja hadi jingine kwa masafa ya chini, kwenye ukanda wa mita 160, 80 na 40. Watu hao wameandika kurasa kwa kurasa kuhusu adabu. Nilipozisoma nikajikuta nacheka peke yangu, kwa sababu nusu ya kanuni zile nilishazisikia kwenye chumba cha mwembe.

Makala hii ni jaribio la kuziweka pamoja adabu hizo mbili, ya wale na ya kwetu, na kuuliza zilitoka wapi.

Milima na waya mrefu

Tuanze na ardhi, maana bila ardhi hii simu ya upepo isingekuwa na habari ya kusimulia. Bonde la Kilombero limekaa kama hori. Upande wa kaskazini magharibi kuna ukuta wa Udzungwa. Kusini mashariki kuna vilima vya Mahenge. Katikati ni tambarare ya mto ambayo masika hugeuka ziwa. Kwa miaka mingi mtu wa Ifakara aliyetaka kwenda Mahenge alipanda pantoni, na pantoni ilikuwa na siku zake za kukubali na siku zake za kukataa. Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lilizinduliwa mwaka 2018 tu. Kabla ya hapo, mvua ikishika, ng'ambo ilikuwa nchi nyingine.

Redio ndogo za mkononi, zile za askari polisi, hutuma mawimbi yanayokwenda kama macho yaonavyo. Mlima ukikaa katikati, basi, yamegota. Mawimbi ya masafa ya chini yana tabia tofauti. Unaweza kuyarusha karibu wima, yapande hadi tabaka za juu za anga zilizochajiwa na jua, kisha yarudi chini kama mvua, yaangukie Mahenge na Malinyi na Mlimba bila kuuliza mlima uko wapi. Ndiyo maana misheni, hospitali za mbali na vituo vya askari wa wanyamapori katika Selous walikuwa na mitambo ya aina hii. Ndiyo maana pia huduma ya madaktari wa ndege, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1957 na madaktari Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, na ambayo leo tunaijua kama AMREF, iliweza kusikia kilio cha zahanati zilizo mamia ya kilomita kutoka barabara ya lami.

Bei yake ni waya. Antena ya kawaida kwa ukanda wa mita 80 inataka waya wa mita 40 hivi. Ya mita 160 inataka mara mbili yake. Ule waya wa mwembe, ambao sisi tulidhani ni wa kuanikia nguo, ulipimwa na mtu aliyejua anachofanya.

Bei ya pili ni saa. Mchana jua likiwaka, kuna tabaka la chini la anga linaloyameza mawimbi haya. Jua likizama tabaka hilo linafifia, na mawimbi yanaanza kusafiri mbali, Ulaya, Asia, hata Amerika. Kwa hiyo mtu wa masafa ya chini huishi kwa magharibi na alfajiri kama muadhini. Hebu piga hesabu ya mwezi Desemba. Jua linazama California yapata saa tisa na dakika arobaini na tano usiku kwa saa zetu, na linachomoza Ifakara yapata saa kumi na mbili na robo asubuhi. Giza la pamoja kati ya watu hao wawili ni saa mbili na nusu tu. Ukizipoteza kwa mabishano, subiri kesho. Na Desemba hiyo hiyo ndiyo mwanzo wa mvua kwetu, radi zinapiga Udzungwa, na kila radi inaingia sikioni kama bati lililodondoka. Mwenzako wa kaskazini yuko kwenye kipupwe kimya, anakusikia vizuri; wewe humsikii. Adabu yote ya masafa ya chini inaanzia hapo: wawili hawasikii sawa, na aliye na masikio mazuri lazima amvumilie mwenzake.

Vita vilivyopita juu ya mto wetu

Simu ya upepo ilifika nchi hii kabla ya vita vikuu vya kwanza. Wajerumani walikuwa na vituo Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba. Tarehe 8 Agosti 1914, siku chache baada ya vita kutangazwa, meli ya Kiingereza HMS Astraea ilikuja kuipiga Dar es Salaam mizinga, na siku hiyo mnara wa simu ya upepo ukaanguka. Ile manowari ya Kijerumani, Königsberg, ikabaki baharini bila kituo kikubwa cha kuiongoza. Ilizamisha HMS Pegasus pale Zanzibar tarehe 20 Septemba, kisha ikaenda kujificha kwenye delta ya Rufiji hadi ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Msomaji wa Ifakara atatabasamu hapa, kwa sababu Rufiji ni mto wetu uliobadili jina: Kilombero ikikutana na Luwegu, ndiyo Rufiji inazaliwa. Maji yaliyoificha manowari ile yalishapita kwanza kwenye pantoni yetu.

Mwaka 1917 vita vilikuwa vimepanda hadi bondeni. Mahenge, iliyokuwa ngome ya Wajerumani, ilitwaliwa na jeshi la Wabelgiji Oktoba mwaka huo. Mwezi uliofuata ikatokea safari ambayo mpaka leo naiona kama hekaya. Ndege-puto kubwa ya Kijerumani, L59, iliondoka Jamboli huko Bulgaria tarehe 21 Novemba ikiwa na tani 15 hivi za risasi, dawa na vifaa, ije kumwokoa Lettow-Vorbeck na askari wake huku kwetu. Ilivuka Mediterania, ikavuka jangwa la Misri. Usiku wa kuamkia tarehe 23, ikiwa magharibi ya Khartoum, ilinasa ujumbe wa simu ya upepo kutoka Ujerumani: rudini. Ikageuza. Ilitua Jamboli tarehe 25 baada ya saa 95 angani na karibu kilomita 6,800, bila kumfikishia mtu hata bandeji moja.

Fikiria maneno machache ya mawimbi marefu, yaliyopita juu ya bahari na jangwa, yakageuza chombo kizima. Sasa fikiria upande wa pili. Tarehe 11 Novemba 1918 vita vilikwisha Ulaya. Kikosi cha Lettow-Vorbeck, ambacho hakikuwa na habari hiyo, kilikuwa bado kinapigana Kasama, Zambia ya leo, tarehe 12 na 13. Habari ikawafikia kupitia tarishi wa Kiingereza aliyekamatwa na barua zake. Walisalimisha silaha tarehe 25 Novemba. Wapagazi wetu, waliobeba mizigo ya vita isiyokuwa yao, walibeba siku mbili za ziada kwa sababu hewani hapakuwa na wa kuwaambia.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba habari ya nani anasikia na nani hasikii ni mchezo wa matajiri wenye antena.

Kaa kimya, nina kazi

Kanuni za adabu hewani hazikuandikwa na watu waliokuwa wamekaa tu wakitafuta cha kuandika. Ziliandikwa baada ya misiba.

Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 mwendesha mitambo wa meli ya Californian, Cyril Evans, aliita meli ya jirani kuiambia kwamba wao wamesimama, wamezungukwa na barafu. Meli ya jirani ilikuwa Titanic. Kwa kuwa alikuwa karibu, ishara yake iliingia kwa nguvu ikamziba masikio Jack Phillips, aliyekuwa akijaribu kutuma salamu za abiria matajiri kwenye kituo cha pwani. Phillips akamjibu kwa ukali: nyamaza, nina kazi. Evans akanyamaza, akasikiliza kidogo, kisha akazima mtambo akaenda kulala. Dakika chache baadaye Titanic iligonga barafu. Watu zaidi ya 1,500 walikufa, na meli ambayo haikuwa mbali haikusikia kitu.

Ukilisoma tukio hili kwa haraka utasema Phillips hakuwa na adabu. Lakini Evans naye aliingia katikati ya mazungumzo ya watu bila hodi. Mmoja aliingia vibaya, mwingine akafukuza vibaya, na kati ya makosa hayo mawili habari ya barafu ikaanguka chini.

Katikati ya mwaka huo mataifa yalikutana London, yakakubaliana miongoni mwa mengine zile alama za herufi tatu zinazoanza na Q, ambazo wanaredio wanazitumia hadi leo. Baadaye mabaharia wakawa na desturi ya dakika za kimya: kwenye mawimbi ya dharura ya kilohezi 500, kuanzia dakika ya 15 hadi 18 na ya 45 hadi 48 ya kila saa, wote walinyamaza wakasikiliza kama kuna mnyonge anayeita. Saa za ukutani kwenye vyumba vya redio za meli zilipakwa rangi nyekundu sehemu hizo ili mtu asisahau.

Wana wa ridhaa nao walikuwa wanajitafutia njia. Desemba 1921 Mmarekani Paul Godley alipiga hema Ardrossan, pwani ya Uskoti, akakaa kwenye baridi na mvua akisikiliza tu, hadi akazinasa ishara za wenzake kutoka Connecticut kwenye mawimbi ya mita 230. Novemba 1923 Léon Deloy wa Nice na Fred Schnell wa Hartford wakaongea kwa zamu, wa kwanza kati ya watu wa ridhaa kuvuka Atlantiki pande zote mbili. Mwaka 1928 Paul Segal akaandika maadili yao, ambayo kwa ufupi yanasema mwanaredio awe mwenye kujali wengine, rafiki, mzalendo, na asiiache redio ikala kazi na nyumba yake. Huku kwetu enzi hizo za ukoloni vituo vya ridhaa vilipewa alama za VQ: VQ1 Zanzibar, VQ3 Tanganyika, VQ4 Kenya, VQ5 Uganda. Leo Tanzania ni 5H, na leseni inatolewa na TCRA.

Hodi, karibu, na anayeita ni nani

Sasa niwaonyeshe kilichonichekesha.

Kabla ya kutuma chochote, mwanaredio mwenye adabu hutuma QRL na alama ya kuuliza. Maana yake: je, hapa pana watu? Anasubiri. Anauliza tena. Asipojibiwa ndipo anaanza. Jamani, hiyo si hodi? Sisi tumefundishwa hodi ya mara tatu, na ukinyimwa jibu unarudi zako, huchungulii dirishani.

Akimaliza kuongea na anataka mwenzake ajibu, anatuma herufi K. Kwao K ni alama tu ya kukaribisha. Kwetu K ni karibu, na baba mdogo alifundishwa hivyo hivyo na mzee aliyemtangulia: ukisikia K, umekaribishwa. Akituma KN, anamkaribisha yule mmoja tu aliyemtaja. Wengine mbaki barazani. Akituma QRZ, anauliza, "Nani mwenzangu anayeita?" Na akiaga anatuma 73, salamu iliyorithiwa kwa wapiga simu za waya wa karne ya 19.

Kwenye masafa ya chini kanuni hizi zinakazwa zaidi. Mbelgiji John Devoldere, ON4UN, aliyefariki mwaka 2020, aliandika kitabu kizima juu ya kutafutana mbali kwa masafa hayo, kilichotoka mwaka 1987, na mwaka 2008 akaungana na mwenzake Mark Demeuleneere, ON4WW, kuandika mwongozo wa maadili. Nikiyakusanya niliyoyaelewa kwao na kwa wengine, kwa maneno yangu, ni haya.

Usimwite mtu usiyemsikia. Hili ndilo kubwa. Wengi wanaona kwenye orodha kwamba kituo fulani cha nchi adimu kiko hewani, wanaanza kuita wakati hawasikii chochote. Wanapojibiwa hawajui kama wamejibiwa, wanaendelea kuita juu ya jibu lao wenyewe. Ni kama mtu anayebisha hodi huku ameziba masikio.

Mwenye kituo akisema sasa nawataka Wajapani tu, na wewe uko Ulaya, nyamaza. Jua linawachomokea wale, dakika zao zinakwisha. Wewe una usiku mzima. Kwenye pantoni tulijua hilo: gari la wagonjwa likifika, hata mwenye lori la mchele aliyelala kivukoni tangu jana husogea pembeni.

Mwenye kituo akisema ananisikilizia juu kidogo, muite huko juu alikosema, umwachie njia yake wazi. Taja jina lako lote, si nusu. Usijaribishe mtambo wako juu ya mazungumzo ya watu. Mtu akikosea, usijigeuze polisi ukamfokea hewani, maana kelele yako nayo ni kelele. Na ukishapata ulichotaka, ondoka. Nyuma yako kuna foleni.

Shikamoo inagharimu betri

Lakini nisiwadanganye kwamba yote yalikuwa sawasawa. Pale adabu ya redio na adabu ya bondeni zilipogongana, ziligongana kweli.

Salamu ya kwetu ni ndefu. Shikamoo, marahaba, hujambo, watoto, mama, mashamba, mvua. Mzee wa Kipogoro akisalimiwa kwa mkato anajua amedharauliwa. Redio nayo inakula betri, na unapoongea wewe wote mnaotumia masafa hayo mnangoja. Katika kituo cha baba mdogo walipata suluhu yao. Salamu ilitolewa mara moja asubuhi, kwa wote, na mkubwa kuliko wote ndiye aliyeipokea kwa niaba: "Marahaba wote, ova." Baada ya hapo ni kazi tu hadi jioni. Kijana aliyemwita mkubwa wake kwa alama ya kituo, bila shikamoo ya pili, hakuhesabiwa mkosefu. Hewani, ufupi ndiyo ilikuwa heshima.

Jambo la pili lilikuwa siri. Simu ya upepo haina mlango. Ukisema Mahenge, Mlimba anasikia, na mke wa mwalimu aliyekuja kuomba maji anasikia pia. Kwa hiyo misiba haikutajwa. Baba mdogo hakuwahi, hata mara moja, kutamka hewani kwamba fulani amefariki. Alisema, "Mwambieni aje nyumbani, asichelewe, na asije peke yake." Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyobeba habari. Anayepokea alijua, akamtafuta kaka wa mhusika kwanza, wakaenda pamoja, wakaketi, ndipo wakasema. Hakuna kitabu cha redio nilichosoma chenye kanuni hiyo. Hiyo ni yetu.

Nusu ya pili ya jibu

Baba mdogo alistaafu simu za mkononi zilipoingia. Mtambo ukafunikwa kitambaa, waya ukashushwa, na safari hii kweli ukaanikiwa nguo. Miaka michache kabla hajatutoka nilikaa naye kibarazani nikamsomea kanuni za wanaredio wa ridhaa, nikizitafsiri papo hapo. Alipenda ile ya Wajapani. Nilipofika kwenye ile ya kusikiliza kwanza, nikamkumbusha jibu lake la zamani kuhusu mgeni. Akanyamaza muda mrefu, nikadhani amesinzia.

"Lile lilikuwa jibu la mtoto," akasema. "Sikukuambia lote."

Ilikuwa masika, mimi sijazaliwa. Kazi za siku zilikuwa zimekwisha, na yeye na rafiki yake wa kituo kingine walibaki hewani wakipiga soga: bei ya bati, nani kaoa, timu gani imefungwa. Mitambo yao wote wawili ilikuwa na nguvu. Mmoja akiachia kitufe, mwingine keshabonyeza. Ng'ambo ya mto, kwenye zahanati ndogo yenye betri iliyochoka, mkunga alikuwa na mama anayetoka damu. Alikuwa anaita. Aliita muda wote ule.

"Ukibonyeza kile kitufe unakuwa kiziwi," baba mdogo akaniambia. "Huwezi kuongea na kusikia kwa pamoja. Na sisi hatukuacha hata nafasi ya mtu kuvuta pumzi."

Walikuja kumsikia rafiki yake alipokwenda kuchukua taa. Katika ukimya ule mfupi ikaingia sauti nyembamba, mbali, chini ya mikwaruzo. Ilikuwa inamwita yeye, kwa jina lake, si kwa alama ya kituo. Wakati gari linafika kivukoni giza lilikuwa limeshika na mto umejaa. Wakavuka alfajiri kwa mtumbwi. Mama aliishi. Mtoto hakuishi.

Hakuna aliyemlaumu, kwa sababu hakuna aliyejua isipokuwa watu watatu. Tangu usiku ule, kila mwenzake alipoachia kitufe, yeye alihesabu hadi kumi moyoni kabla ya kubonyeza wake. Wageni walidhani mtambo wake mbovu, unachelewa. Na kila saa alikaa kimya dakika kadhaa, macho kafumba, akitafuta sauti nyembamba. Zile dakika tano, kumi, nilizoziona utotoni, hakuwa anaangalia kama wenyeji wana mgeni. Alikuwa anamsikilizia yule mkunga.

Nikamwambia kwamba mabaharia nao walikuwa na dakika za kimya, zilizopakwa rangi nyekundu saani, baada ya meli kubwa kuzama. Aliniuliza tarehe yake. Nilipomwambia, akatikisa kichwa. "Kumbe zilikuwepo tayari. Mtu angetuambia tu."

Hapo ndipo penye uzito kwangu. Kanuni za adabu, tukizisoma zimepangwa moja, mbili, tatu, zinaonekana kama uungwana wa watu wenye nafasi. Lakini kila moja ina mtu chini yake, meli, mpagazi, mtoto. Aliyeandika alijua ni nani. Sisi tunaopokea hatuambiwi, basi tunaona ni usumbufu. Neno lenyewe, adabu, tulilitoa kwa Waarabu, ambao kwao adab ni tabia njema na pia ni fasihi. Sisi tulichukua la kwanza tukaacha la pili. Labda tungeyachukua yote mawili tungekumbuka kwamba kila kanuni ina kisa chake, na kanuni bila kisa haikai kichwani.

Leo bondeni kila mtu ana simu, na daraja lipo, na gari la wagonjwa linavuka masika na kiangazi. Sitaki kurudi kwenye betri za lori. Lakini kwenye kundi letu la ukoo, lile la WhatsApp, msiba hutangazwa kwa picha kabla mama mzazi hajaambiwa, na watu ishirini huongea kwa pamoja. Juzi nilijaribu. Niliandika ujumbe, nikauacha bila kuutuma, nikahesabu hadi kumi. Nilipofika saba, shangazi, ambaye huwa haandiki kitu, akaandika kwamba yuko peke yake na hajisikii vizuri.

Nikafuta wa kwangu, nikampigia.